GPS ya mkononi na herufi G kwenye mpango wa safari

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina leseni ya rubani binafsi na narusha Cessna 172 ya klabu kutoka Arusha. Ndege yetu ni ya zamani: ina redio, VOR na DME za kupata mwelekeo na umbali kutoka mnara wa ardhini, ILS ya kuongozea kutua, na transponda inayoijibu rada, lakini GPS haijafungwa. Nimejinunulia GPS ya mkononi, ile iliyotengenezwa kwa marubani, pamoja na kishikwambi chenye ramani za anga kama akiba. Nataka kwenda Zanzibar kwa VFR, yaani kuruka kwa kuona nje. Je, kwenye kisanduku cha 10 cha mpango wa safari, kile cha vifaa vya ndege, niandike G, herufi ya GPS? Mwenzangu aliyesomea urubani Florida anasema niandike, maana kifaa kipo ndani ya ndege na kinafanya kazi. Mwalimu wa klabu anasema nisithubutu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Usiandike G. Kifaa chako kibebe, kitumie, na ukitaka waongoza ndege wajue unacho, kitaje kwa maneno kwenye kisanduku cha 18, kile cha taarifa nyingine. Mwalimu wa klabu yuko sahihi. Lakini hoja ya mwenzako si ya kubeza, na nisipoijibu vizuri utabaki na shaka kila ukishika fomu.

Fomu unayojaza Arusha ni ile ile inayojazwa Nairobi, Muscat au Paris, kwa sababu maelekezo yake yanatoka ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, katika waraka namba 4444. Kuhusu kisanduku cha 10, waraka huo unasema uwezo unaoutangaza unahusu mambo matatu: vifaa vinavyohitajika vipo ndani ya ndege na ni vizima; vifaa na uwezo huo vinalingana na sifa za rubani; na pale inapohusika, mamlaka imetoa idhini. Mwenzako amesoma jambo la kwanza akaishia hapo. Kweli, maandishi yanasema "ndani ya ndege", hayasemi "iliyofungwa kwenye ndege", na ndiyo maana utakutana na marubani wa VFR, hata walimu, wanaoandika G kwa sababu ya kifaa kilichobandikwa kwenye kioo. Ukiyasoma maneno peke yake, wana pa kusimamia.

Mimi siwaungi mkono, kwa sababu ya mtu anayeisoma herufi hiyo. Mwongoza ndege hakioni kifaa chako. Anaona G, na kwake G maana yake ni kwamba rubani huyu nikimpa jina la nukta ambayo haina mnara wa redio wala mlima wa kuitambulisha, ataifikia. Nikimwomba umbali wake kwa GPS, namba atakayonipa naweza kuitegemea. Herufi haimwambii kama antena iko juu ya paa au chini ya kioo chenye jua kali, wala kama waya wa chaji umechomekwa vizuri. Ndege ndogo inayopita chini, nyuma ya milima, rada inaweza isiione kabisa, na hapo mwongoza ndege anaijenga picha ya anga kichwani mwake kutokana na ripoti za marubani. Ripoti moja yenye kosa inaingia kwenye hesabu ya ndege nyingine ambayo rubani wake hajui hata kama upo.

Ukiwa VFR kwenye hali ya hewa nzuri, jukumu la kuona nje na kuepuka wengine ni lako, kwa hiyo madhara ya G ya uongo yanaweza yasionekane hata mara moja. Hilo nakubali. Ila fikiria upande wa pili: usipoiandika unapoteza nini? Hakuna. Safari ya VFR kwenda Zanzibar haihitaji G. Hutanyimwa kibali, na njia yako haitabadilishwa. Unatangaza uwezo usiohitajika, kwa kifaa usichoweza kukidhamini, upate faida isiyokuwepo.

Kwenye safari za kuruka kwa vyombo, yaani IFR, mjadala wenyewe unakufa. Marekani, ambako mwenzako alisomea, mamlaka yao ya anga, FAA, imeandika waziwazi katika mwongozo wake kwa marubani kwamba GPS za mkononi, na hata zile zilizofungwa kwa ajili ya VFR tu, haziruhusiwi kwa uongozaji wa IFR, wala kwa kutua kwa vyombo, wala kuwa chombo kikuu cha kurukia. Wakati wa IFR ni msaada tu wa kumfanya rubani ajue yuko wapi. Huko kwa miaka mingi walikuwa na fomu yao ya ndani, na vifaa vilitajwa kwa alama moja baada ya aina ya ndege: mkwaju kisha herufi. Mkwaju na G ulimaanisha ndege yenye GNSS, yaani uongozaji kwa setilaiti kama GPS, na transponda inayotoa kimo. Agosti 2019 wakahamia mfumo wa ICAO kwa safari za kiraia, lakini alama hizo bado zinaishi kwa waongoza ndege wao na kwa marubani waliozizoea. Nadhani mwenzako amechanganya kitu kimoja: huko ni kawaida rubani mwenye GPS ya mkononi kuitaja kwenye sehemu ya maelezo, na mwongoza ndege anayemwona kwenye rada akampa mwelekeo wa kushika, kisha akamruhusu aelekee moja kwa moja kwenye nukta fulani. Hapo kinachomtuliza mwongoza ndege ni rada yake mwenyewe inayomfuatilia rubani. Ukiuchukua mtindo huo ukaupeleka mahali ambako rada haikuoni, umeuacha msingi wake nyuma.

Sasa tuseme kwa nini GPS iliyofungwa na kuidhinishwa ni kitu kingine, hata kama skrini ya kifaa chako ni nzuri kuipita.

Kipokezi cha kawaida kinahitaji setilaiti nne kujua kilipo. Lakini je, mojawapo ya hizo nne ikitoa taarifa mbovu? Kipokezi kilichoidhinishwa kwa IFR, kwa viwango vya FAA kama TSO-C129 au TSO-C146, lazima kiwe na njia ya kujikagua. Njia iliyozoeleka inaitwa RAIM: kwa setilaiti tano kinaweza kugundua kwamba mojawapo inadanganya, na kwa sita kinaweza kuitambua na kuitoa kwenye hesabu. Kikishindwa kujikagua kinakuonya, na onyo hilo linawekwa mahali ambapo macho ya rubani yanafika. Kifaa cha mkononi hakijathibitishwa kwa kiwango hicho. Kinaweza kuendelea kuchora kindege kwenye ramani kwa utulivu ule ule, kiwe sahihi au kisiwe sahihi. Hili ndilo linalonihofisha kuliko yote, kwa sababu GPS inayozimika utaiona, ila inayopotoka polepole huioni. Na usidanganyike na neno WAAS, mfumo wa kusahihisha na kukagua GPS, kwenye boksi lake. WAAS inahudumia Amerika ya Kaskazini, EGNOS ya Ulaya inahudumia Ulaya; ukiwa juu ya Handeni uhakika wake haukufikii.

Halafu kuna mambo madogo madogo ambayo ndiyo huangusha vifaa hivi kila siku. Antena iliyo ndani ya ndege inafichwa na paa, bawa na hata mwili wako, hivyo unapokata kona inaweza kupoteza setilaiti. Umeme unategemea betri, au plagi inayolegea kwa mtikisiko. Kishikwambi kinateseka zaidi: Apple wenyewe wanasema iPad itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35, na kwenye dashibodi ya Cessna iliyoegeshwa juani joto hilo linapitwa kabla hujawasha injini. Kitazima skrini kikiomba kipoe, na hakitachagua wakati unaokufaa. Kishikio chenye sumaku nacho, ukikiweka karibu na dira, kinaipotosha dira, yaani kile chombo ambacho ungekikimbilia GPS ikifa. Funga kila kitu mahali pake ukiwa bado chini, washa, kisha linganisha dira na mwelekeo wa njia ya kurukia unaoujua.

Data nazo zina umri. Taarifa za anga hubadilishwa duniani kote kwa mzunguko wa siku 28, na kifaa chenye data za mwaka jana kitakuonyesha masafa na mipaka ya mwaka jana bila aibu. Na kimo: usimpe mwongoza ndege kimo kilichosomwa kwenye GPS hata siku moja. Wenzako wote angani wanaruka kwa altimeta zilizowekwa kwa shinikizo la hewa lile lile, na katika joto la kwetu kimo cha GPS kinaweza kutofautiana na altimeta kwa mamia ya futi. Ukiwa futi 7,500, ripoti 7,500 ya altimeta.

Tukirudi kwenye fomu, swali la G limenikumbusha kosa linalonisumbua zaidi, nalo ni kunakili. Mtu anafungua programu ya kupanga safari, anachagua C172, na kisanduku cha 10 kinajazwa herufi za ndege ya mtu mwingine kabisa: SDFGR. Anatuma. R hapo inasema ndege imeidhinishwa kwa PBN, yaani uongozaji wa kiwango cha usahihi kilichothibitishwa, na ukiiweka unatakiwa utaje aina ya idhini kwenye kisanduku cha 18 baada ya PBN/. Cessna ya klabu yenu haina idhini hata moja ya hizo. Kaa na kitabu cha ndege, pitia vifaa kimoja kimoja, na herufi uziandike kwa mkono wako.

Kwa vifaa ulivyonitajia, anza na S. Herufi hii inabeba vitu vitatu kwa pamoja: redio ya VHF, VOR na ILS. Zamani ilibeba na ADF, kifaa kinachoonyesha uelekeo wa kituo cha redio, lakini mabadiliko yaliyoanza kutumika Novemba 2012 yaliitoa, na sasa ADF ina F yake. Baadhi ya marubani wa siku nyingi bado wanaamini S inatosha kwa vyote vinne. DME ni D. Transponda yenye kutoa kimo ni C, baada ya mkwaju. Kwa hiyo ndege yenu, kama kila kitu ni kizima, ni SD/C. Lakini je, ni kizima? Kwenye ndege za klabu mara nyingi ILS imekaa miaka bila kutumiwa na mtu, au sindano ya mteremko imekufa na imeandikwa kwenye kitabu cha hitilafu. ILS ikiwa mbovu, S si kweli tena. Unaandika V kwa redio, O kwa VOR, D kwa DME. Ukali ule ule ninaoutumia kwa GPS yako nautumia kwa ILS iliyofungwa ila haifanyi kazi. Na kama transponda yenu ni ya aina mpya iitwayo Mode S, herufi yake inategemea inatoa nini, hivyo muulize fundi wa ndege kabla hujachagua.

GPS yako sasa tuipe nafasi yake. Kwenye kisanduku cha 18, mwishoni kabisa baada ya viashiria vingine, kuna RMK/, ambako unaandika maelezo ya kawaida. Andika kwa ufupi, kwa Kiingereza cha fomu: RMK/PORTABLE GPS VFR USE ONLY. Mwongoza ndege akiisoma anajua una msaada wa kujua ulipo, anajua si sehemu ya ndege, na akikuuliza umbali atajua namba hiyo imetoka wapi. Kuna wanaoshauri uweke Z kwenye kisanduku cha 10 kisha uandike NAV/ na jina la kifaa kwenye 18, kwa kuwa Z ni ya vifaa vingine. Siipendi njia hiyo. NAV/ inakirudisha kifaa kwenye orodha ya vifaa vya uongozaji vya ndege, palepale tulipokataa kukiweka.

Swali litakalokujia ukifika kisanduku cha 15: kama sikuandika G, naweza kuandika njia kwa latitudo na longitudo? Unaweza. Kutoka Arusha hadi Zanzibar moja kwa moja ni kama maili 230 za anga, na mstari huo unapita kama maili 20 kaskazini mashariki ya Handeni kabla ya kufika pwani kati ya Pangani na Saadani. Ukiamua kupitia Handeni ukaiandika 0526S03801E, yaani nyuzi na dakika kwa tarakimu na herufi kumi na moja, hujasema kwamba utaifuata kwa setilaiti. Umesema mahali. Utaitambua kwa macho, kwa barabara zinazokutana pale, na kwa saa yako iliyohesabu dakika tangu alama iliyotangulia. Ila basi fanya hivyo kweli: chora mstari kwenye ramani ya karatasi, weka alama kila dakika kumi au kumi na tano za safari, andika muda unapopita. GPS ikikubaliana na dirisha, vizuri. Zikitofautiana, amini dirisha kwanza, kisha tafuta sababu.

Hali ni tofauti kidogo kama klabu siku moja itafunga GPS kwenye dashibodi, ifanywe na fundi mwenye idhini na iingizwe kwenye kumbukumbu za ndege, lakini yenye kibandiko kinachosema ni ya VFR tu. Hapo kwa mpango wa VFR sitamlaumu atakayeandika G, kwa sababu kifaa ni sehemu ya ndege na kuna mtu aliyetia sahihi. Bado haitakuwa na R, na mpango ukiwa wa IFR, G inatoka. Jibu liko kwenye nyongeza ya kitabu cha ndege inayohusu kifaa hicho. Isome yenyewe, usiulize kijiweni.

Vipokezi vya mkononi vya ADS-B, mfumo wa ndege kutangaza mahali zilipo, vinavyokuonyesha ndege nyingine kwenye kishikwambi navyo havina herufi. Herufi kama B1 kwenye sehemu ya pili ya kisanduku cha 10 ni za ndege inayotangaza mahali ilipo. Kupokea tu hakumsaidii mwongoza ndege.

Kuna kisanduku kimoja ambacho vifaa vya kubeba vina uzito mkubwa, na marubani wengi wanakipitia haraka: cha 19, cha taarifa za uokoaji. Habari zake kwa kawaida hazitumwi pamoja na mpango. Zinabaki ulipoujaza, na zinafunguliwa siku unapotafutwa. Utavuka bahari kwa injini moja. Dakika 30 baada ya muda uliotarajiwa kufika, kama hujaonekana wala kusikika, hatua ya kwanza ya tahadhari inaanza, na mtu atavuta karatasi hiyo.

Kumbuka kwamba kwenye fomu ya karatasi unakata usichokuwa nacho, na unachoacha bila kukata ndicho ulicho nacho. Wengi wanafanya kinyume na kuwaachia waokoaji habari za uongo bila kukusudia. E kwenye sehemu ya redio za dharura ni kitoa mawimbi ya dharura, yaani ELT. Kama ya klabu imepelekwa kupimwa, ikate. Na ujue ni ya masafa gani: setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji, ziliacha kusikiliza masafa ya 121.5 MHz tangu tarehe 1 Februari 2009, kwa hiyo ELT ya zamani ya masafa hayo pekee itasikika na ndege inayopita karibu tu. Ya 406 MHz ndiyo inayosikika na setilaiti, na inabeba namba ya utambulisho, ambayo haina faida kubwa kama haijasajiliwa kwa jina na simu zinazopatikana.

Kama una kitoa mawimbi cha binafsi cha 406, au kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, kitaje kwenye maelezo ya kisanduku hicho hicho, sehemu ya N/, kwa maneno ya kueleweka, na umwachie mtu aliyebaki nyumbani kiungo cha kufuatilia safari yako. Hapa hakuna anayekuuliza kama kifaa kimeidhinishwa kufungwa kwenye ndege. Jaketi okozi ziandike kwa ukweli: kama hazina taa, kata L. Na zivaeni kabla ya kuiacha pwani ya Saadani, bila kuzijaza upepo, kwa sababu ndani ya Cessna inayozama hakuna nafasi ya kulivaa jaketi lililo nyuma ya kiti. GPS ya mkononi iwe mfukoni au imefungwa kwa kamba kwenye nguo, si kwenye kioo tu, maana ikitoka na wewe inaweza kumpa mwokoaji nukta yako kwa redio ya mkononi. Andika muda wa mafuta kwa saa na dakika kama ulivyopima kwa kijiti, idadi ya watu mliopanda kweli, na rangi ya ndege kama ilivyo sasa, kwani ndege za klabu hupakwa rangi upya huku mpango wa zamani ukiendelea kunakiliwa.